Pia na Mtaro Wake: Jinsi Mbinu za Kubadilisha Goti Zinavyoathiri Mkao wa Pia ya Goti

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya mbinu zinazotumiwa katika upasuaji wa kubadilisha goti na mkao wa pia ya goti baada ya upasuaji huo. Yanafafanua kwanza umbo la pia na kazi yake, kisha yanachunguza mambo manne yanayoamua pale itakapokaa: kimo cha mstari wa kiungo, mzunguko wa vipande vya bandia, unene wa sehemu ya mbele ya goti na ushughulikiaji wa tishu laini. Aidha, yanagusia suala la istilahi, kwa sababu mgonjwa anayeombwa idhini ya kupasuliwa anastahili kuelezwa mambo haya kwa lugha anayoielewa.

Utangulizi

Kwa muda mrefu wanafunzi wa Kiswahili wameambiwa kwamba lugha yao yatosha kwa ushairi, hadithi na siasa, lakini hukwama pindi inapofika mlangoni pa maabara au chumba cha upasuaji. Dai hili haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Njia ya kulijibu ni kuchukua suala moja la kitaalamu, gumu kiasi, na kulieleza kwa Kiswahili hadi mwisho. Makala haya yamechagua suala la pia ya goti.

Uteuzi huu una sababu. Kubadilisha goti ni miongoni mwa upasuaji wa viungo unaofanywa kwa wingi zaidi duniani, na hata nchini Kenya unafanywa katika hospitali za umma na za kibinafsi. Wengi wa wanaofanyiwa ni wazee ambao gegedu za magoti yao zimelika. Idadi kubwa yao hupata nafuu. Hata hivyo, tafiti za nchi za Magharibi zimeripoti kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 5 haridhiki kikamilifu na goti lake jipya, na maumivu ya mbele ya goti, pale ilipo pia, ni mojawapo ya malalamiko yanayorudiwarudiwa.

Tanbihi moja ya kilugha inahitajika mapema. Kiswahili kina majina mawili ya mfupa huu: pia ya goti na kilegesambwa. La kwanza limetokana na mfanano wa mfupa huo na pia wanayochezea watoto, iliyo pana juu na yenye ncha chini. Makala haya yanatumia pia kama nomino pekee, ili msomaji asiichanganye na kielezi chenye tahajia hiyohiyo.

Umbo na Kazi ya Pia

Goti ni mahali panapokutana mifupa mitatu: fupaja juu, muundi chini na pia mbele. Pia haijashikamana na mifupa hiyo miwili kama tofali lilivyoshikamana na tofali. Imefumbatwa ndani ya kano. Kwa juu inaungana na msuli mkubwa wa mbele ya paja. Kwa chini kano imara huishikiza kwenye kinundu kilicho mbele ya muundi. Msuli unapojikaza, huivuta pia, nayo pia huuvuta muundi, na mguu hunyooka.

Manufaa ya pia yanaeleweka vyema kwa mfano wa kapi. Henza ya jahazi ikipitishwa kwenye kapi, baharia hutweka tanga kwa nguvu ndogo kuliko ambavyo angetumia kama kamba ingesuguana na mlingoti. Pia nayo huisukuma kano mbele, mbali na kitovu cha goti, na hivyo kuurefusha mkono wa wenzo. Mtu aliyeondolewa pia hulazimika kutumia nguvu zaidi ya msuli ili kuunyoosha mguu uleule.

Tofauti na kapi, pia haizunguki, huteleza. Mbele ya ncha ya chini ya fupaja pana mtaro, na goti linapokunjwa pia huingia katika mtaro huo na kuteremka nao. Ukingo wa nje wa mtaro ni mrefu kuliko ule wa ndani, na urefu huo una maana. Msuli wa paja hauvuti kwa mstari mnyoofu na kano ya chini. Huvuta kwa mshazari kuelekea nje. Kwa hiyo pia daima ina mwelekeo wa kutoroka upande wa nje wa mguu, na ukingo ule ndio unaoizuia. Jambo hili ni muhimu kukumbukwa, kwani makosa mengi ya upasuaji yatakayojadiliwa hapa chini huishia kuipeleka pia upande huohuo.

Mzigo unaobebwa na pia si haba. Vipimo vya kibiomekanika vilivyochapishwa miaka ya 1970 vilikadiria kuwa katika kutembea kwenye tambarare pia hukandamizwa kwa nguvu iliyo sawa na takriban nusu ya uzito wa mwili. Katika kupanda ngazi nguvu hiyo hupita mara 3 ya uzito wa mwili, na katika kuchutama kabisa hupita mara 7. Ndiyo maana kasoro ndogo ya milimita chache, ambayo haionekani mgonjwa akiwa amelala, hujitokeza anapojaribu kuinuka kwenye kigoda.

Upasuaji Wenyewe kwa Muhtasari

Wazo la kubadilisha goti ni kongwe. Mnamo 1890, mjini Berlin, Themistocles Gluck alijaribu kutumia viungo vya bandia vilivyochongwa kwa pembe za ndovu. Majaribio hayo hayakudumu, hasa kwa sababu ya maambukizi. Goti la bandia linalofanana na la sasa lilipatikana katika miaka ya 1970. Mnamo 1974, jijini New York, John Insall na wenzake walianza kutumia goti lililobadilisha nyuso zote za kiungo, ukiwemo uso wa nyuma wa pia.

Katika upasuaji huu daktari hukata tabaka jembamba la mfupa kwenye ncha ya fupaja na kulivika kofia ya metali yenye mtaro mbele. Hukata vilevile sehemu ya juu ya muundi na kuweka bamba la metali, na juu ya bamba hilo huweka kipande cha plastiki ngumu kinachochukua nafasi ya gegedu. Pia yaweza kuachwa ilivyo, au uso wake wa nyuma ukakatwa na kubandikwa kitufe cha plastiki.

Ikumbukwe kwamba daktari hagusi mahali pia inapoanzia wala inapoishia: msuli uko palepale, na kinundu cha muundi kiko palepale. Anachobadilisha ni njia inayopita katikati. Mtaro wa asili umeondolewa na mtaro wa metali umewekwa badala yake, na pia hulazimika kuufuata popote ulipoelekezwa. Hapa ndipo mbinu ya mpasuaji inapoamua mkao wa pia.

Kimo cha Mstari wa Kiungo

Mahali fupaja linapogusana na muundi huitwa mstari wa kiungo. Daktari akikata mfupa mwingi kuliko inavyopasa kwenye ncha ya fupaja, kofia ya metali hukaa juu zaidi. Pengo linalobaki hujazwa kwa plastiki nene, na mstari wa kiungo huwa umepandishwa. Pia haikusogea, kwa sababu inashikiliwa na kano isiyorefuka. Hata hivyo, kiungo kimeifuata kwa juu, na sasa pia inaonekana imeketi chini kuliko ilivyokuwa.

Kwa nini daktari akate mfupa mwingi hivyo? Mara nyingi hufanya hivyo akitafuta suluhisho la tatizo jingine. Goti lililokakamaa na lisiloweza kunyooka hunyooka fupaja likipunguzwa. Vilevile, kofia ndogo kupita kiasi huacha goti likilegea linapokunjwa. Ulegevu huo ukizibwa kwa plastiki nene, goti hukataa kunyooka, na daktari hurudi kulikata fupaja. Kila hatua ina mantiki yake, lakini jumla yake ni mstari uliopanda.

Athari zake ni dhahiri. Pia iliyo chini huweza kugongana na plastiki ya muundi goti linapokunjwa sana. Mkono wa wenzo hupungua, msuli huchoka upesi, na mgonjwa hushindwa kukunja goti alivyotarajia. Utafiti wa Figgie na wenzake uliochapishwa 1986 ulionyesha kwamba magoti ambayo mstari wa kiungo haukubadilika kwa zaidi ya milimita 8 yalifanya kazi vizuri kuliko yale yaliyopita kiwango hicho.

Kuna namna mbili za pia kuwa chini, na ni muhimu kuzitenga. Katika namna ya kwanza, kano yenyewe imefupika kwa sababu ya makovu. Pia imevutwa chini kwa hakika. Katika namna ya pili, kano ina urefu wake wa kawaida na ni mstari wa kiungo uliopanda. Tofauti hii huathiri hata vipimo. Kipimo kilichopendekezwa na Insall na Salvati mnamo 1971 hulinganisha urefu wa kano na urefu wa pia. Uwiano wa kawaida hukaribia 1, na ukishuka chini ya 0.8 pia huhesabiwa kuwa chini. Lakini kipimo hiki hakihusishi mstari wa kiungo, kwa hivyo hakiwezi kutambua namna ya pili. Kipimo cha Blackburne na Peel cha 1977, kinachopima umbali wa pia kutoka usawa wa juu wa muundi, ndicho kinachoifichua. Daktari anayetegemea kipimo cha kwanza pekee anaweza kumwambia mgonjwa anayeumia kwamba eksirei haina tatizo.

Mzunguko wa Vipande vya Bandia

Jambo la pili, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote, ni mzunguko. Kofia ya fupaja yaweza kuvikwa ikiwa imegeuka kidogo kuelekea goti la pili, yaani ndani, au kuelekea nje. Ikigeuzwa ndani, mtaro hugeuka nayo. Pia, ambayo tangu hapo ilikuwa ikivutwa nje, hujikuta mbali na mtaro wake.

Bamba la muundi nalo lina athari kama hiyo, ingawa kwa njia isiyo wazi mara moja. Bamba likigeuzwa ndani, plastiki yake hulazimika kulingana na kofia ya fupaja mgonjwa anaposimama. Ili ulinganifu huo upatikane, muundi wenyewe huzunguka nje, na kinundu kinachoshikilia kano huenda nje pamoja nao. Kano huivuta pia upande wa nje. Kwa hivyo makosa mawili tofauti yanazaa tokeo moja, na yakikutana katika goti moja hujumlishwa.

Berger na wenzake walilithibitisha hili katika utafiti uliochapishwa 1998. Walitumia picha za tabaka zinazopigwa kwa tarakilishi kupima mzunguko wa vipande vyote viwili katika magoti yenye matatizo ya pia. Walikuta kwamba jumla ya mzunguko wa ndani ilipokuwa nyuzi 1 hadi 4, pia iliinama na kupita upande wa nje. Ilipokuwa nyuzi 3 hadi 8, ilianza kutoka mtaroni. Ilipofika nyuzi 7 hadi 17, pia iliteguka kabisa au kitufe chake kikaharibika. Tofauti kati ya goti zima na goti lililoharibika ni pembe ambayo jicho haliwezi kuipima.

Ili kuepuka hatari hii, desturi iliyoenea ni kuigeuza kofia ya fupaja nje kwa takriban nyuzi 3, ikilinganishwa na mstari unaogusa vinundu vya nyuma vya fupaja. Kiasi hiki hakikuokotwa tu. Uso wa juu wa muundi wa asili huinama ndani kwa takriban nyuzi 3, ilhali daktari huukata kwa pembe mraba dhidi ya mhimili wa mguu. Kuigeuza kofia nje hurejesha ulinganifu goti linapokunjwa, na wakati uo huo huuelekeza mtaro kwa pia.

Hata hivyo, kanuni hii ina mtego. Mgonjwa ambaye magoti yake hugongana anapotembea huwa na kinundu cha nje kilicholika au kudumaa. Ukihesabu nyuzi 3 kutoka kwenye kinundu kama hicho, kofia itakuwa imegeuka ndani bila daktari kujua. Ndiyo sababu wapasuaji hutumia alama nyingine za kulinganishia: mstari unaounganisha vinundu vya pembeni mwa fupaja, au mstari wa kina cha mtaro wenyewe, ambao hujulikana kwa jina la Whiteside.

Unene wa Sehemu ya Mbele

Jambo la tatu linahusu unene. Chukua pia yenye unene wa milimita 24. Daktari anayetaka kubandika kitufe cha milimita 9 anapaswa kukata milimita 9 za mfupa, abakize 15, na unene wa awali urudi. Akikata milimita 6 pekee, pia mpya itakuwa na milimita 27. Milimita 3 za ziada huzikaza kano za pembeni kama turubali lililowambwa juu ya mzigo mkubwa kuliko kipimo chake. Pia huinama, goti halikunjiki vizuri, na maumivu huanza. Tokeo kama hilo hupatikana kofia ya fupaja ikiwa kubwa mno au ikisogezwa mbele, hata kama pia yenyewe haikuguswa.

Kukata kupita kiasi nako kuna adhabu yake, kwani mfupa uliobaki mwembamba huweza kuvunjika. Wapasuaji wengi huepuka kubakiza chini ya milimita 12. Aidha, mahali kitufe kinapobandikwa pana umuhimu. Kilele cha pia ya asili hakiko katikati. Kimeegemea upande wa ndani. Kitufe kikiwekwa upande huo, pia hupita mtaroni kwa urahisi zaidi.

Tishu Laini

Mifupa ikikatwa sawasawa, bado kuna tishu zinazoizunguka. Njia inayotumiwa zaidi kulifungua goti hupita kando ya pia kwa upande wa ndani, na hukata sehemu ya kano ya msuli wa paja. Tishu hizo zisiposhonwa kwa uthabiti, zile za nje hushinda mvutano. Njia nyingine hupita chini ya msuli bila kuukata. Huihifadhi nguvu ya ndani, lakini humpa daktari nafasi finyu ya kuonea.

Kabla ya kulifunga goti, daktari hulikunja na kulinyoosha bila kuishika pia kwa kidole gumba. Ikitulia mtaroni, vyema. Ikitoroka, wengine huzikata tishu za nje zilizokaza. Hatua hii husaidia, ila huweza kukata mshipa unaoilisha pia damu. Zaidi ya hayo, mkanda unaofungwa pajani kuzuia damu huubana msuli na kuifanya pia ionekane imetoka nje ilhali haikutoka. Busara ni kuulegeza mkanda kabla ya kuamua. Daktari mwangalifu hujiuliza kwanza kama kosa limo katika mzunguko wa kofia. Kukata tishu ili kuficha kosa la mfupa ni kutibu kivuli.

Mijadala Inayoendelea

Wataalamu hawajaafikiana kama pia ibandikwe kitufe au iachwe. Nchini Marekani wapasuaji wengi hubandika. Nchini Swedeni na Norwe wengi huiacha. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa uliotolewa 2020 na taasisi ya NICE ulipendekeza wagonjwa wapewe fursa ya kubandikwa. Wanaobandika hutaja uwezekano wa kuepuka upasuaji wa pili. Wanaoacha hutaja hatari ya kuvunjika kwa mfupa na kulegea kwa kitufe.

Mjadala wa pili unahusu shabaha yenyewe. Tangu 2006, Stephen Howell wa Marekani amekuwa akitetea mbinu ya kulirejesha goti katika mielekeo yake ya asili badala ya kulinyoosha kwa mhimili mmoja wa kihandisi. Swali lililobaki ni kama kofia zilizobuniwa kwa mbinu ya zamani zina mtaro unaoifaa pia katika mbinu hii. Roboti nazo zimeingia chumbani. Huweza kukata kwa usahihi mkubwa, lakini roboti hukata pale ilipoagizwa. Likiwa agizo ni potovu, kosa litatekelezwa kwa usahihi.

Istilahi na Haki ya Mgonjwa

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Sharti hili haliwezi kutimizwa pasipo na maneno. Mengi ya maneno hayo yapo tayari: pia, fupaja, muundi, gegedu, kano, ganzi. Mengine yaweza kuundwa kwa kuunganisha yaliyopo, kama yalivyofanya makala haya kwa mstari wa kiungo na mzunguko wa ndani. Kamusi ya Tiba iliyochapishwa na TUKI mwaka wa 2003 ilikuwa hatua muhimu, lakini orodha ya istilahi haitoshi mpaka itumiwe katika sentensi, na sentensi itumiwe katika mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa.

Mazungumzo hayo yana uzito wa pekee katika jamii za Waswahili na za Afrika Mashariki kwa jumla. Kupiga magoti, kusujudu, kuketi mkekani na kuchutama ni sehemu ya ibada, heshima na kazi za kila siku. Wengi waliobadilishwa goti huona ugumu wa kupiga magoti hata kama upasuaji ulifanywa vizuri. Mzee anayeswali ana haki ya kujua mapema kwamba huenda akahitaji kiti msikitini, na ana haki ya kuuliza kama pia yake itabandikwa kitufe au itaachwa, na kwa nini. Asiyejua jina la kitu hawezi kukiulizia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pia haihamishwi moja kwa moja na mpasuaji. Huhamishwa na mambo yaliyo kando yake. Fupaja likikatwa kupita kiasi, huketi chini. Vipande vikigeuzwa ndani, hutoroka nje. Unene ukizidi, huinama na kukaza. Tishu zisiposhonwa vyema, mvutano huishinda. Yote haya hupimwa kwa milimita na nyuzi chache, lakini mgonjwa huyapima kwa ngazi anazopanda na kigoda anachoinukia. Ni wajibu wa wapasuaji kuvizingatia vipimo hivyo, na ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuhakikisha kwamba vinaweza kuelezwa kando ya kitanda cha mgonjwa kwa lugha anayoijua.